Laini ya Mwangangi

Kila aliyewahi kununua mchele kwa Nduta pale Majengo, Nyeri, ameshtuka angalau mara moja. Unapimiwa mikebe miwili ya gorogoro ya mchele wa pishori, unataka kulipa kwa simu, na kabla hujabonyeza mara ya mwisho simu yako inakuonyesha jina la unayemlipa: Mwangangi. Unamtazama mama aliyesimama mbele yako, kitambaa kichwani, aproni kifuani, Mkikuyu wa Othaya hata akipiga chafya. Unamwuliza, "Mama, Mwangangi ni nani?" Naye anakujibu bila kuinua macho kutoka kwenye mchele, "Ni mimi. Tuma tu."

Wateja wa kila siku walikuwa wamezoea. Wengine walimwita Mama Mwangangi kwa utani, naye aliitika. Hata mumewe Barnabas, enzi zile akili yake bado imetulia, alipenda kuwaambia watu kwamba analala nyumba moja na mwanamume wa Kikamba na hajawahi kumwona uso.

Jina lile liliingia hivi. Miaka mingi nyuma ilitangazwa kwamba laini zote za simu ziandikishwe, isiyoandikishwa itazimwa. Tulipewa muda wa kutosha. Sisi nasi, kama ilivyo desturi yetu, tukausubiri muda uishe ndipo tukimbie. Siku ya mwisho foleni ilitoka kwenye mwavuli wa wakala ikafika karibu na msikiti, na Nduta alikuwa katikati yake bila kitambulisho. Chake kilifuliwa ndani ya mfuko wa sweta hadi picha ikatoka, na kipya kilikuwa "kinakuja" kwa chifu kwa mwezi wa nane sasa. Mbele yake alisimama Mwangangi mwenyewe, askari polisi wa kutoka Kitui aliyepanga chumba cha pili kutoka kwao.

"Tumia yangu, Mama Shiro," alimwambia. "Kwani nitakutorokea na laini?"

Hakutoroka na laini. Alihamishwa tu, kama askari wanavyohamishwa, akapakia kitanda na redio kwenye gari akaenda, jina lake likabaki Majengo likiuza mchele. Nduta alisema atakwenda kubadilisha laini iwe kwa jina lake. Alisema hivyo Jumatatu nyingi sana. Lakini foleni ilikuwa ndefu, gunia la mchele lilikuwa linaingia, na laini yenyewe ilikuwa inafanya kazi. Nani huamka asubuhi kwenda kutengeneza kitu kisichoharibika?

Sasa niwaeleze habari za Barnabas, maana bila yeye laini hiyo ingekuwa laini tu.

Barnabas alikuwa fundi wa nguo. Kwa zaidi ya miaka thelathini alishona sare za shule, na nusu ya watu wazima wa mji huu wamewahi kuvaa kaptura iliyopita chini ya sindano yake. Simu hakuipenda, alisema inamkatizia mshono, kwa hiyo nambari ya duka ikawa ni ya mkewe. Kila kifurushi cha sare kilichotoka mikononi mwake alikiandika nambari hiyo kwa chaki: juu jina la mtoto, chini nambari. Vifurushi elfu ngapi, hakuna ajuaye.

Kisha akili ikaanza kumponyoka. Kwanza alishona mikono miwili ya kushoto kwenye koti moja, watu wakacheka, naye akacheka. Baadaye alisahau jina la kanisa lake. Baadaye tena, siku moja ya Pasaka, alimtazama Shiro, mtoto wake wa pekee, akamwuliza Nduta huyu msichana wa watu anataka kushonewa nini. Shiro alitoka nje akalia kando ya tangi la maji. Lakini nambari haikutoka. Ukimwuliza Barnabas ni mwaka gani, anakutajia mwaka wowote. Ukimwuliza nambari ya duka, anakutajia tarakimu zote kumi bila kukwama, kisha anauliza kama una chaki.

Na alikuwa mtu wa kutembea. Asubuhi yoyote angeweza kuvaa koti, kutundika futi yake ya fundi shingoni, na kwenda kuwapelekea sare watoto wa shule ambao sasa ni wazazi. Akipotea, alisimama alipo akamwambia mtu wa kwanza, "Piga nambari hii." Simu ya Nduta ingelia. "Mama, tuko na mzee hapa Karatina, ako na futi kwa shingo. Amesema tukupigie." Nduta angemwachia jirani gunia, angevua aproni, angekwenda. Mara moja alimfuata Mweiga, mara mbili Kerugoya. Kila mara alimkuta ameketi kwenye kiti alicholetewa na watu, anakunywa chai ya watu, na akimwona anainuka na kusema, "Si nilijua utakuja."

Jamaa walimshauri afunge mlango. Walimwambia kwa huruma, walimwambia kwa ukali, na shemeji mmoja alimletea hata kufuli, kubwa, la shaba. Nduta alilitupa chini ya kitanda. "Anayefungiwa ni mbuzi," aliwaambia. "Huyu ametembea akishonea watoto wenu nguo. Atatembea." Alijaribu kumshonea nambari ndani ya kola ya koti. Barnabas aliuona mshono, akausikitikia jinsi ulivyopinda, akaufumua wote kwa wembe na kumrudishia kitambaa kikiwa kimekunjwa vizuri. Alijaribu kumwekea karatasi mfukoni. Kila karatasi iliishia kuandikwa vipimo vya watu wasiokuwepo. Kilichombakiza Barnabas mtu huru ni nambari ile moja kichwani mwake, na simu moja ya upande wa pili iliyoweza kulia.

Na simu hiyo ilikuwa inakufa.

Nduta aliinunua ikiwa mpya, enzi zile simu za kioo zilipokuwa bado fahari, na tangu hapo hakutaka nyingine. Kioo kilikuwa na ufa wa kutoka pembe hadi pembe. Sehemu ya chini haikuhisi kidole tena, kwa hiyo sufuri na nyota hazikubonyezeka: Kim, fundi wa simu, alipojaribu kuelekeza simu zote za laini ile ziende kwenye laini nyingine, kioo kilikataa nyota na hila ikaishia hapo. Betri ilikuwa imevimba hadi mfuniko wa nyuma ukawa unashikwa kwa mpira wa kufungia mafungu ya sukuma wiki. Bila waya wa umeme haikumaliza saa moja. Nduta alikuwa amevuta waya kutoka buchari, duka la nyama la jirani, hadi kwenye kibanda chake, na pale simu ililala juu ya gunia la mchele siku nzima, imechomekwa, kama mgonjwa aliyetundikiwa maji.

Shiro, aliyefanya kazi Nairobi, alimnunulia mpya bila kumwuliza. Aliileta ndani ya sanduku lake, nyembamba, nyeusi, inang'aa.

"Mum, hiyo kitu ni bomu," alisema, akiitazama ile ya zamani kwa mbali. "Siku moja italipuka ikuchome. Hamisha laini uitupe."

Nduta aliichukua ile mpya akaishika kwa mikono miwili, akamshukuru mwanawe, na moyoni akafurahi kweli. Kisha akaipeleka kwa Kim.

Kibanda cha Kim kilikuwa hatua ishirini kutoka kwake, na Kim alikuwa kijana mwaminifu, jambo ambalo si kila fundi wa simu anaweza kusingiziwa. Alifungua mfuniko, akaondoa betri iliyovimba kwa uangalifu, akawasha taa ya kichwani, akainama.

"Mathe, nani alikuwekea hii laini?"

"Fundi mmoja alikuwa pale stendi ya zamani. Ilikuwa inacheza-cheza, simu inasema hakuna mtandao. Akaiweka gundi."

"Super glue?"

"Si ndiyo ilishika? Imeshika miaka yote hiyo."

Kim alijifuta uso. Akamwelezea polepole: laini ni ya zamani, ya kadi kubwa, ilikatwa kwa wembe ili iingie humu, sasa imegandishwa. Kuitoa lazima ipashwe moto na kubanduliwa, na ikitoka lazima ikatwe tena iwe ndogo zaidi. Inaweza kupona. Inaweza kupasuka. Hata kama ni simu gani utaihamishia, lazima kwanza itoke pale.

"Lakini si shida," alisema. "Ikikufa, unaenda kwa kampuni na kitambulisho, unapewa kadi ingine, nambari ni ile ile. Iko kwa jina yako, sivyo?"

Kim, ambaye alinunua mchele kwake kila Ijumaa na kuliona jina lile kila Ijumaa, alikumbuka mwenyewe. Alizima taa ya kichwani.

"Ah. Mwangangi," alisema. "Basi mathe, mimi siguzi. Enda ufikirie."

Nduta alifikiria. Alifikiria akipepeta mchele, alifikiria akipika, na kwa wiki tatu ile simu mpya ilikaa ndani ya sanduku lake juu ya kabati, anaipangusa vumbi na kuirudisha. Kuna watu wanaosema uamuzi ni jambo la kupima upande huu na upande huu. Uzito wa pande hizi ulikuwa mmoja. Akiiacha simu ya zamani, siku moja itazima Barnabas akiwa barabarani. Akiibandua laini, huenda ikazimika milele. Hasira ilimshika, na hakuwa na wa kumwelekezea: si Mwangangi aliyemsaidia, si fundi wa gundi aliyeifanya ishike, si Barnabas. Mwishowe alijikasirikia mwenyewe kwa zile Jumatatu zote, na hilo nalo halikumsaidia.

Wiki ya nne lilitokea la Wang'uru.

Lori lililomletea Nduta mchele kutoka Wang'uru lilipomaliza kupakua, Barnabas alipanda nyuma yake bila mtu kumwona. Pengine alidhani linakwenda shuleni. Siku hiyo umeme ulipotea Majengo tangu saa nne asubuhi, na simu juu ya gunia ilihema dakika arobaini ikazima. Nduta alimtafuta Barnabas kwa miguu, mtaa kwa mtaa, hadi sauti ikakauka. Umeme ulirudi kesho yake adhuhuri. Simu ilipowaka tu, ililia mkononi mwake.

"Wee mama, nimekupigia mara ishirini!" Alikuwa mwanamke anayeitwa Murugi, mwenye hoteli Wang'uru. "Huyu mzee alitolewa kwa maji ya mpunga, amelowa mpaka kifua. Anatetemeka. Nimempea nguo za bwanangu. Kila saa ananiambia piga, piga, huyo atakuja. Nikapiga, nikapiga, kumbe umezima!"

Nduta alipofika, Barnabas alikuwa amejikunja kando ya jiko la hoteli, ndani ya suruali ya mtu mnene. Alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakusema alijua atakuja. Alisema, "Ulichelewa." Hakulaumu. Alisema tu kama mtu anayesema mvua imenyesha, na Nduta hakuwahi kuumizwa na neno maishani kama alivyoumizwa na hilo.

Asubuhi iliyofuata aliweka simu zote mbili mbele ya Kim. "Toa," alisema.

"Mathe, una hakika?"

"Sina. Toa."

Kim alifanya kazi yake vizuri, na hilo nalisema mbele ya yeyote. Aliipasha moto kidogo kidogo, akadondosha spiriti, akaingiza wembe mwembamba chini ya kadi na kuusukuma kwa subira ya mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Nduta alisimama akiwa ameshika ukingo wa meza. Upande mmoja ulibanduka. Upande wa pili ukabanduka. Kim alivuta pumzi, akainua, na kadi ikaja juu, lakini ile sehemu ya dhahabu katikati ilibaki nusu kwenye kadi, nusu kwenye gundi.

Aliisafisha kwa kifutio cha shule. Aliikata hata hivyo, akaitia kwenye simu mpya. Simu mpya iliwaka kwa rangi nzuri, ikaimba wimbo wake mdogo, ikaandika juu: hakuna laini. Kim aliitoa akairudisha mara nne. Hakutaka kulipwa, na hakuweza kumwangalia Nduta machoni.

Kwenye ofisi ya kampuni ya simu, msichana wa kaunta alikuwa na adabu sana. Kama angekuwa na kiburi ingekuwa nafuu, mtu angepata wa kugombana naye.

"Mum, mwenye laini aje mwenyewe, na kitambulisho chake."

"Mwenye laini ni mimi. Miaka yote ni mimi."

"Najua, mum. Lakini hapa imeandikwa Mwangangi."

"Huyo alihamishwa. Bwanangu anapotea, hii ndiyo nambari tu anajua. Si unipigie mtu mkubwa umwambie?"

Msichana alienda nyuma, akarudi na mkubwa wake, na mkubwa akasema yale yale kwa Kiswahili kizuri zaidi. Akaongeza, kwa kumsaidia, kwamba laini isipotumika kwa miezi kadhaa huenda nambari ikapewa mtu mwingine. Nduta alimshukuru. Hata yeye hakujua alikuwa anashukuru nini.

Alikwenda kituo cha polisi. Askari waliokuwa zamu walikuwa vijana. Hakuna aliyewahi kumsikia Mwangangi huyo. Mmoja mwenye huruma alipiga simu mbili tatu, akaambiwa alistaafu kitambo, akarudi kwao, labda Kitui, labda Mwingi. "Huna nambari yake, mama?" aliuliza. Alikuwa nayo. Mwangangi mwenyewe aliiacha siku ile anapakia kitanda, na Nduta aliihifadhi vizuri sana, ndani ya kadi ile ile.

Alinunua laini mpya, akaiandikisha kwa kitambulisho chake mwenyewe, na jioni hiyo akaanza kumfundisha Barnabas nambari yake. Aliiandika kwa chaki kwenye meza yake ya zamani ya kukatia vitambaa. Barnabas aliisoma tarakimu kwa tarakimu, mwanafunzi mtiifu. Nduta aliifunika kwa mkono.

"Sasa niambie, Baba Shiro. Ukipotea utawaambia nambari gani?"

Barnabas alinyoosha mgongo akaitaja ile ya zamani, zote kumi, bila kukwama. Kisha akamtazama kwa wasiwasi kidogo. "Si hiyo?"

Walirudia siku nne. Siku ya tano alimwuliza tena, "Si hiyo?" na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona kitu cha mwisho alichonacho kinanyang'anywa. Nduta alifuta meza.

"Ni hiyo," alisema. "Ni hiyo tu."

Jumatatu mchele uliingia, na lazima uuzwe ili watu wale. Nduta alimpikia uji, akamwachia ndizi na maji, akatoa kila wembe ndani ya chumba, akamwachia vipande vya kitambaa, sindano na chaki yake. Kisha alipiga magoti, akapapasa chini ya kitanda hadi akalishika lile kufuli la shaba. Alilifunga kwa nje akisimama karibu sana na mlango, ili lisisikike. Lilisikika.

"Mama Shiro," Barnabas aliita kwa ndani, kwa upole, "umefunga na watu wanangojea sare."

"Narudi sasa hivi," alisema, akaondoka haraka. Pale kibandani aliwapimia watu mchele, na waliolipa kwa simu waliliona jina lake mwenyewe kwenye kioo, kwa mara ya kwanza. Mmoja alitania, "Mama, siku hizi umemwacha Mwangangi?" Nduta alisema ndiyo.

Aliporudi adhuhuri kumpa chakula, kulikuwa kimya. Alifungua kufuli, akausukuma mlango, na mwanga ukaingia. Barnabas alikuwa ameketi sakafuni, futi shingoni, vidole vyeupe kwa chaki iliyobaki kipande kidogo. Mlango mzima, upande wa ndani, alikuwa ameuandika ile nambari. Mstari chini ya mstari, kutoka pale mkono wake ulipofika hadi chini karibu na kizingiti, kwa ule mwandiko safi wa vifurushi.

"Baba Shiro, umemwandikia nani hii yote?"

"Mtu yeyote akipita," alisema. "Nimefungiwa mahali sipajui. Aone nambari, apige." Alimtazama vizuri, kwa adabu anayopewa mgeni. "Wewe mama, una simu? Nipigie hiyo. Kuna mtu akipigiwa huja kunichukua."

Nduta aliitoa ile simu mpya kwenye mfuko wa aproni. Alibonyeza tarakimu zote kumi, moja moja, akizisoma mlangoni kana kwamba hazijui, akaiweka sikioni. Akasikiliza hadi sauti ya mashine ya kampuni ikamaliza kusema kwamba nambari hiyo haipatikani.

"Wamesema nini?" aliuliza Barnabas.

"Wamesema anakuja," alisema Nduta, akaketi sakafuni kando yake.